Bi Kwaru Katika Pipa la Nyani

Haya, mlioko!
— Tupo!
Macho yenu yako wapi?
— Juu ya vijiti, kama ya kaa!
Ngano yangu ina miguu kumi.
— Ipite!
Na ikipita upande?
— Tutaifuata upande upande!

Basi ifuateni.

Palikuwa na nyani, jina lake Mataya. Aliitwa hivyo kwa sababu ya hayo mataya yake: akila embe, hata kokwa haliponi. Alikuwa na nguvu. Akiutikisa mti wa mkungu, matunda yanamwagika pata-pata-pata, kama mvua. Na alikuwa mlafi, mlafi kwelikweli. Akila huwapa jamaa zake mgongo, mikono miwili imeshika chakula na mguu mmoja umekanyaga akiba. Jamaa zake walivumilia, walivumilia, mwisho wakahama, wakamwachia kichaka chote cha juu ya pwani. Yeye akasema, "Afadhali. Midomo imepungua."

Na palikuwa na kaa. Si yule kaa mpana wa kutiwa mchuzi, la. Huyu ni kaa mdogo wa nchi kavu, mwenye mgongo mgumu na tumbo laini kama ute. Kwa sababu ya tumbo hilo hawezi kutembea uchi. Huokota kombe la konokono wa baharini aliyekwisha kufa, akaingia kinyumenyume, akalibeba popote aendapo. Akikua likambana, hutafuta jingine kubwa, akahama. Kaa huyu aliitwa Bi Kwaru, maana alipotembea, kombe lake liliburuzika mchangani: kwaru, kwaru, kwaru.

Mwezi huo Bi Kwaru alikuwa na mayai. Aliyabeba humo humo ndani ya kombe, yameshikamana na tumbo lake, madogo kama ulezi, mekundu kama tofali. Na mayai ya kaa huyu yana jambo lake. Mama huishi nchi kavu, lakini mayai hayaanguliwi kuwa watoto ila yakiguswa na maji ya bahari. Bi Kwaru alikuwa akiyasubiri yakomae, na bamvua lije, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, aende ukingoni akayakabidhi.

Kabla hilo halijawa, Mataya akashuka pwani.

Alishuka kwa njaa, maana matunda ya kichaka ameshayamaliza. Akawakuta kaa wakila makungu yaliyooza chini ya mti. Akamchota mmoja, akamtupia kinywani, akauma. Kacha! Kilichovunjika si kombe. Kilichovunjika ni jino.

"Mama yangu!" akapiga kelele, akamtema yule kaa. Lakini mguu mmoja ulibaki ulimini mwake, na ulikuwa mtamu. Mtamu kuliko embe.

Akamshika wa pili, akamvuta kwa magando ili amtoe. Kaa akashikilia. Nyani akavuta, kaa akashikilia. Nyani akavuta kwa nguvu zake zote, na yule kaa akakubali kukatika vipande viwili kuliko kuiacha nyumba yake. Mataya akabaki na magando tu mkononi, na utamu wote umebaki ndani.

Akakaa kitako, akafikiri. Akakumbuka jinsi alivyowaona watu wakifuga kuku: huwapa maji, huwapa chakula, kuku hunenepa, hujileta wenyewe. Akasema, "Nitawafuga. Wakinogewa nami, watatoka ndani wenyewe."

Juu ya mwamba, kichakani kwake, palikuwa na pipa la chuma lililokatwa nusu, waliloliacha wachemsha chumvi. Mataya akazoa kaa, akawatia humo. Bi Kwaru alikuwa mmoja wao.

Kaa wakajaribu kupanda. Kuta za chuma hazina pa kushika. Akipanda huyu, anaanguka, kong'! Akipanda yule, anaanguka, kong'! Kaa mmoja, aliyeitwa Shoto kwa sababu ya gando lake kubwa la kushoto, akaanguka mara nyingi mpaka akalia.

"Tumekwisha, dada," akamwambia Bi Kwaru.

"Umekwisha wewe," akasema Bi Kwaru. "Mimi nina safari. Maji nitayafikia."

Jua likapanda, pipa likawa kama kikaango. Mataya akaja na chakula: ndizi akala yeye, maganda akawatupia wao. Kisha akagonga pipa, kong' kong' kong', "Tokeni! Chezeni! Nenepeni!"

Nani wa kutoka? Kila mmoja alirudi ndani, akaziba mlango kwa gando.

"Wafugwa gani hawa!" Mataya akanung'unika. "Hawana shukrani. Nitawaponda kwa jiwe, niokote nyama katika vigae."

Aliposikia jiwe, Bi Kwaru akatoa macho nje. "Shikamoo, mjomba Mataya."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mfugo wako. Mjomba, ukituponda leo utakula nyuzi. Hutuoni tulivyokauka? Sisi tuna matamvua kama ya samaki. Yakiwa na unyevu, tunavuta pumzi, tunatembea, tunakula. Yakikauka, tunajifungia kungoja kifo. Kuku ukimnyima maji atanenepa?"

"Hanenepi."

"Basi kaa anataka maji mara mbili ya kuku. Anataka maji matamu ya chemchemi, na anataka maji ya bahari. Ya aina moja peke yake hayamtoshi. Na juu ya pipa anataka kivuli cha makuti."

Mataya akakuna kichwa. Nyani haipendi bahari. Mawimbi humtisha na chumvi humwasha. Lakini aliukumbuka ule mguu. Akachukua vifuu viwili, akashuka, puta-puta-puta, akachota bahari. Akapanda, hema-hema-hema, akamimina. Akaenda chemchemini, puta-puta-puta. Akarudi, hema-hema-hema, akamimina, akaweka na makuti upande mmoja wa pipa.

Kaa wakanywa. Wakajaza maji ndani ya makombe yao. Mmoja akatoa sauti, kri! Mwingine akajibu, kri-kri!

"Wanaimba!" Mataya akafurahi. "Wamenogewa nami!"

"Tumenogewa na maji," akasema Bi Kwaru.

Hakusema uongo, mnaona? Kila alichomwambia kilikuwa kweli tupu. Ukimfuga kaa huyu bila maji hayo mawili, unamfuga maiti.
— Kweli tupu!

Siku zikapita. Shoto akabadilika. Macho yake yakawa na ukungu, miguu yake ikapauka, hali, hatembei, analala pembeni akichokora chuma kwa gando lake, krech, krech.

Mataya akamwona. "Huyu anakufa. Nimle kabla hajanuka."

"Mjomba, ngoja!" akasema Bi Kwaru. "Hafi huyo. Anataka kukua. Ngozi ya kaa haitanuki, kwa hiyo akitaka kukua hujifukia chini kabisa, akaivua ngozi yote, mpaka ya magando na ya macho. Akimaliza huila ile ngozi ili agande upya, ndipo akatoka amenona. Lakini atajifukia wapi? Hapa pana chuma kitupu."

"Atatoka amenona?"

"Amenona."

"Anataka nini?"

"Mchanga, mjomba. Mchanga wenye unyevu. Akijifukia, vidole vyako visimguse, maana akichimbuliwa mapema hufa, na maiti hainoni."

Mataya akashuka, puta-puta-puta, akakumbatia mchanga wa pwani. Akapanda, hema-hema-hema, akaumwaga. Bi Kwaru akaupima. "Haujatosha." Akashuka tena, akapanda tena. "Bado, mjomba. Sisi tuko wengi, na kila mmoja siku yake itafika. Ukiwa haba ataangukiwa." Akashuka, akapanda. Mgongo ukamuuma, viganja vikachubuka, na mchanga ukapanda ndani ya pipa, ukapanda, ukapanda. Mataya alikuwa anauangalia mchanga. Bi Kwaru alikuwa anauangalia ukingo wa pipa.

Shoto akajifukia. Mwezi mwembamba ukaanza kujaa. Mataya kila siku aliweka sikio juu ya mchanga. "Bado?" "Bado." "Nichungulie kidogo?" "Chungulia, ukazike." Akarudisha kidole.

Usidhani Bi Kwaru hakuogopa. Kila jioni alijikunja ndani ya kombe akayatazama mayai yake. Yalikuwa mekundu, yakaanza kupoteza wekundu, yakawa ya kijivu, na ndani ya kila yai alianza kuona vijicho viwili. Hapo alijua wakati umekaribia. Bamvua halimngoji mtu, na mayai yaliyokomaa hayarudi nyuma. Yakipitwa na maji yatakauka tumboni mwake, yaanguke kama unga. Akawa anajiambia kwa sauti ndogo, "Maji nitayafikia. Kwa miguu au bila miguu, nitayafikia."

Mchana mmoja mchanga ukatikisika. Shoto akatoka. Ngozi mpya inang'aa, gando la kushoto limekuwa kama ngumi, na mwili umemjaa mpaka nusu yake ikabaki nje ya nyumba.

Mataya akarukaruka. "Amenona! Kumbe kweli! Bi Kwaru, wewe ni mfugo mwenye akili. Sasa amvue nani hilo kombe?"

Bi Kwaru akatega sikio. Alisikia bahari kwa mbali, sauti yake nzito, maji yanajaa. Ilikuwa siku ya bamvua.

"Mjomba," akasema, "wewe ulivuta, ukapata magando. Kaa havutwi. Kaa hutoka nyumbani mwake kwa hiari yake siku moja tu: siku anapoona nyumba bora. Mletee Shoto kombe kubwa kidogo kuliko lake, lenye mlango wa mviringo. Akihama yeye, mwenzake mdogo atataka alilovua, na mdogo wake atataka la huyo. Watapanga foleni, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Lete makombe mengi, wote wavue siku moja."

"Wote siku moja!" Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Wote."

Mataya hakungoja hata kupumzika. Akashuka, puta-puta-puta, akaokota makombe, akayakumbatia. Akapanda, hema-hema-hema, akayamwaga ndani ya pipa. Akainama juu yake, mikono tayari, mdomo wazi.

Shoto akatoa macho, akaona mdomo ule, akarudi ndani. "Dada, mimi sivui. Nyumba niliyonayo inanibana, lakini inanibana nikiwa hai."

Hapo ndipo Bi Kwaru akatoa uongo wake. Ulikuwa wa kwanza, na alikuwa ameuweka mpaka siku hiyo.

"Mjomba," akasema, "tuna haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kuvua nguo mbele yako. Wewe ungevua mbele ya mkweo?"

"Mimi sina nguo."

"Ndiyo maana hujui. Geuka mgongo. Utasikia makombe yanaanguka, ko, ko, ko. Hayo ndiyo tunayovua. Nikisema 'tayari', geuka, utukute kama tulivyozaliwa."

Mataya akageuka. Akakaa kitako, mgongo kwa pipa, akafumba na macho kwa heshima.

Bi Kwaru akawageukia wenzake. "Ukingo mnauona? Mchanga umetufikisha karibu. Yatupeni makombe matupu ukutani, yawe ngazi. Shoto, wewe hama kwanza, huwezi kukimbia nusu uchi."

"Akigeuka je?"

"Akigeuka atanikuta mimi mbele yako. Hama!"

Shoto akalipima kombe jipya. Akaingiza gando ndani, akaligeuza, akaligonga, to-to-to. Akatazama mgongo wa nyani. Akavuta pumzi, akachomoa tumbo lake laini, jeupe, lililojikunja kama kidole cha mtoto. Na papo hapo Mataya akasema, "Mbona kimya?" na shingo yake ikaanza kugeuka.

Bi Kwaru akalisukuma kombe kubwa kwa kichwa. Ko!

"Aa, huyo mmoja," akasema Mataya, akarudisha shingo.

Chwap! Shoto ameshaingia.

Wakaanza kazi. Kombe hili, ko! Kombe lile, ko! Yakarundikana ukutani. Kila lilipolia, Mataya alilamba midomo, akahesabu minofu. Kaa wa kwanza akapanda rundo, akashika ukingo, akajiangusha upande wa pili majanini, pu! Wa pili, pu! Wa tatu, pu!

"Hiyo pu ni nini?" akauliza Mataya.

"Matumbo yetu, mjomba. Ni laini."

"Ooh," akasema Mataya, akatetemeka kwa njaa.

Bi Kwaru akawasukuma wote, akawa wa mwisho. Yeye alikuwa mzito kwa mayai. Akapanda, makombe yakateleza, akaanguka. Akapanda tena, akaanguka. Hakuna tena wa kumsukuma. Akauma ukingo kwa gando lake, akajivuta, akajivuta, mguu mmoja ukakwama ukang'oka, akauacha. Akaangukia nje, pu!

Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru! Mtelemko wa mwamba ukampokea, akajifungia ndani akabingirika.

Mataya akangoja. "Tayari?" Kimya. "Bi Kwaru, tayari?" Kimya. Akageuka, akaona rundo la makombe matupu. Akacheka. "Wamejificha mchangani, wana haya!" Akatia mikono yote miwili, akafukua. Mchanga kulia, mchanga kushoto, machoni, puani. Akafika kwenye chuma. Akagonga chuma kwa kucha. Ndipo akatazama nje, akaona michirizi mchangani inateremka kuelekea baharini.

"Mifugo yangu!"

Akashuka kama jiwe. Kaa wengine walikuwa wameshaingia kwenye nyufa za mawe. Bi Kwaru peke yake alikuwa bado wazi, amebakiza mchanga mtupu mpaka ukingo wa maji, anaburuza kombe lake, mguu mmoja hana, na povu la wimbi linamfikia nusu halafu linarudi.

"Maji nitaya..."

Mkono ukamnyakua.

Mataya akamwinua mpaka usoni. "Mwongo wewe! Nimechota maji, nimebeba mchanga, nimegeuka mgongo kwa adabu! Sasa utatoka. Utatoka!" Akasogeza pua yake kubwa mlangoni mwa kombe amwone vizuri.

Bi Kwaru alimwona vizuri zaidi. Gando likatoka. Nyak!

"Aaaah! Diache! Diache, Bi Kwaru! Bua yadgu!"

Akamvuta; pua ikavutika. Akamtikisa, pua ikatikisika. Akaruka huku na huku, machozi yanamtoka. Bi Kwaru hakulegeza hata kidogo.

Shoto alikuwa kwenye ufa wa jiwe, amesalimika, nyumba mpya mgongoni. Angeweza kunyamaza. Akatoka nje, akapaza sauti yake yote: "Mjomba! Kaa akibana haachi mpaka aonje maji ya bahari! Ingia majini!"

"Sipedi bahari!"

"Basi kaa bila pua!"

Wimbi lilikuwa linakuja. Mataya akalitazama, akaigusa pua yake, akapiga mbio. Maji magotini, maji kiunoni, maji kifuani. Akafumba macho, akatumbukiza uso.

Bahari ikaingia ndani ya kombe. Bi Kwaru akajinyoosha nje, akajitikisa kwa nguvu zote alizobakiza, na mayai yakaachia tumbo. Yalipoguswa na chumvi yakapasuka, yote kwa pamoja, na watoto wakatoka kama vumbi kwenye mwanga, vumbi linalopepesuka, linaloogelea. Wimbi likawachukua. Hakumjua hata mmoja kwa sura, na hakuna atakayemjua yeye. Akawatazama mpaka wakaisha machoni. Ndipo akaiachia pua.

Wimbi la pili likambeba Mataya, likambiringisha, likamnywesha, likamtupa mchangani. Akainuka anakohoa, pua kama nyanya, akapanda mlima polepole bila kutazama nyuma. Siku hizi wanyama wakimwuliza, "Mzee, tulisikia unafuga kaa, wako wapi?" hujibu, "Nimewapa ruhusa ya kutembea."

Bi Kwaru naye alitupwa pwani chali, miguu hewani, hana nguvu ya kujigeuza. Shoto akaja, akapitisha lile gando lake kubwa chini ya kombe, akampindua.

"Umefika, dada."

"Nimefika," akasema Bi Kwaru. "Sasa nina njaa."

Wakaenda kutafuta makungu.

Na funzo la ngano hii, wajukuu zangu, ni utii. Mkubwa akikuweka ndani ya pipa lake, akakuchotea maji matamu na maji ya chumvi, akakuletea mchanga wa kulalia, usitake mengine. Kaa. Si ndilo jina lako? Kaa!
— Lakini Bi Kwaru hakukaa!
Nani anasema na Bi Kwaru? Nasema na nyinyi, mnaoanza kunyemelea mlango na vyombo havijaoshwa.

Ngano yangu imerudi ndani ya kombe lake, gando mlangoni. Ikiwa imewatosha, ibebeni mgongoni. Ikiwa imewabana, iacheni pwani, atapita mwingine ahamie.